Ndani ya Sanduku la Sauti: Tulainishe au Tuzibe?

Ndugu wanachuo, miongoni mwa kazi za mikono zinazopata wateja nchini ni uundaji wa masanduku ya spika za besi, yaani sabufa, ambazo hufungwa nyuma ya viti vya magari. Mtoto wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, aghalabu husikia mvumo wa gari la namna hiyo kabla hajaliona. Basi, mvumo huo ni kitu anachokijua. Mwalimu anayefundisha somo la sauti hana sababu ya kukipita kitu kilichokwisha kuingia masikioni mwa wanafunzi wake ili akawasomee ukurasa wa kitabu.

Jambo ninalotaka kulijadili ni dogo kwa sura, lakini lina maana kubwa kwa kazi yetu. Je, uso wa ndani wa sanduku hilo, ambao hauonekani tena baada ya spika kufungwa, wapasa kulainishwa? Wapo mafundi wanaoupiga msasa na kuupaka vanishi kana kwamba ni meza ya sebuleni, wakisema kwamba sauti huteleza vizuri juu ya ubao laini. Wapo wengine wanaouacha na alama za msumeno na matone ya gundi. Mwanafunzi akimwuliza mwalimu wake ni fundi yupi aliye sahihi, mwalimu atajibu nini? Maoni yangu ni kwamba asiharakie kujibu. Awape wanafunzi njia ya kulijaribu swali lenyewe. Lakini ili aweze kufanya hivyo, hapana budi yeye mwenyewe awe amelielewa kwanza.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Besi nzito huwa na mitetemo kama 50 kwa sekunde. Tukigawa 340 kwa 50 tunapata mita 6.8, nao ndio urefu wa wimbi moja la besi hiyo. Sanduku la garini kwa kawaida halifiki mita moja na nusu kwa urefu, na mikwaruzo ya msumeno ndani yake haizidi milimita chache. Wimbi lenye urefu wa mita 6.8 haliathiriwi na mkwaruzo wa milimita 2, kama vile gurudumu la lori lisivyozuiwa na punje ya mchanga barabarani. Tena, ndani ya sanduku dogo kama hilo hewa yote hushindiliwa na kulegezwa kwa pamoja, mfano wa hewa iliyomo ndani ya mpira unaobonyezwa na kuachiwa.

Kwa hiyo yaliyo muhimu kwa besi ni mengine. La kwanza, maungio yazibwe barabara, kwa maana hewa ikitoroka besi hupungua, na penye ufa huweza kutoka mluzi au mkoromo. La pili, kuta ziwe ngumu. Ubao mwembamba hutetemeka wenyewe na kuongeza sauti isiyotakiwa. Ndiyo sababu fundi hodari hukaza kuta kwa vipande vya mbao vinavyopita ndani kutoka upande mmoja hadi mwingine. La tatu, ujazo wa ndani ulingane na mahitaji ya spika itakayofungwa.

Hata hivyo, fundi anayepaka rangi ndani asidharauliwe. Chipbodi ina vinyweleo, na rangi huviziba vinyweleo hivyo na kuzuia unyevu usiivimbishe. Vilevile, yapo masanduku yenye mrija wa hewa. Katika mrija huo hewa huingia na kutoka kwa kasi, na kingo kali huifanya itoe sauti ya kupuliza. Hapo ulaini na kingo za mviringo vina kazi ya kweli. Fundi huyo basi huenda anafanya jambo jema, ijapokuwa sababu anayoitoa siyo. Mwalimu na amfundishe mwanafunzi kutenganisha mambo haya mawili, kazi yenyewe na sababu inayotolewa juu yake.

Sasa tuje kwenye njia ya kufundishia. Kanuni yetu ya kale ni kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Wilaya ya Ngara imepakana na Burundi, nchi ambayo ngoma zake za kifalme ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwalimu anaweza kuanza na ngoma: ngozi iliyokazwa, na hewa iliyofungiwa chini yake. Kutoka hapo aingie katika jaribio lifuatalo, ambalo halihitaji umeme wala sabufa.

Tafuta makopo matatu ya ukubwa mmoja, yakatwe pande zote mbili, na kingo zake zigongwe kwa nyundo zisije zikakata vidole. Kopo la kwanza liache laini ndani. La pili lipake gundi ndani, unyunyize mchanga, ulikaushe. La tatu liache laini, lakini ulitoboe ubavuni kwa msumari mnene. Kila kopo lifunike pande zote mbili kwa mpira wa puto uliokazwa kwa uzi. Kabla ya kugusa chochote, kila kikundi kiandike utabiri wake. Kisha mwanafunzi abonyeze mpira wa upande mmoja polepole kwa kidole, na wenziwe wautazame mpira wa upande wa pili.

Katika kopo laini, mpira wa pili utavimba. Katika kopo la mchanga utavimba vilevile. Katika kopo lililotobolewa, hewa itatorokea tunduni na mpira utabaki karibu vile ulivyokuwa. Aliyeandika kwamba mchanga utaizuia hewa ataona mwenyewe, bila kuaibishwa na mwalimu. Kisha mwalimu aeleze kwa nini tulibonyeza polepole: kadiri mtetemo unavyokuwa wa polepole, ndivyo hewa inavyopata nafasi ya kutoroka, nayo besi ndiyo sauti ya mitetemo ya polepole.

Wanafunzi wasiachwe, hata hivyo, wakidhani kwamba uso wa ndani hauna maana popote. Sauti za herufi kama s na f zina mitetemo maelfu kwa sekunde. Kwa mitetemo 3,400, urefu wa wimbi ni sentimita 10 tu, na mawimbi mafupi kama hayo hupunguzwa na nguo, mikeka na pamba. Ndiyo maana darasa tupu lenye lipu ngumu na mabati huvuma, na mtoto wa dawati la nyuma huweza kukosa kusikia tofauti ya maneno mawili yanayokaribiana. Swali sahihi siku zote ni hili: uso huu unakutana na wimbi la urefu gani?

Najua yatakayosemwa dhidi ya maoni haya. Itasemwa kwamba wanafunzi ni wengi, kwamba muda hautoshi, na kwamba mtihani hauulizi habari za sabufa. Wingi wa wanafunzi ni kweli, lakini makopo hayauzwi ghali, na kikundi cha watoto wanane huweza kutumia kopo moja kwa zamu. Kuhusu muda, jaribio hili laweza kumalizika katika kipindi kimoja endapo makopo yameandaliwa mapema. Ama kuhusu mtihani, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imetilia mkazo ujuzi na stadi. Mtoto aliyekariri kwamba sauti husafiri hewani bila kupata kuijaribu hewa yenyewe hana ujuzi huo.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni utoaji wa alama. Katika kazi za mikono tumezoea kukitazama kifaa kwa nje, tukampa alama za juu aliyeking'arisha. Mtoto aliyetumia fedha ya mzazi wake kununua msasa na vanishi humshinda yule aliyeketi jioni nzima akiziba maungio kwa gundi na unga wa mbao. Tukifanya hivyo tunawafundisha watoto kuufanyia kazi macho ya mkaguzi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule imwandae kijana kwa kazi ya kweli katika jamii yake. Fundi wa kweli hupimwa kwa namna kitu chake kinavyotenda kazi iliyokusudiwa.

Basi, ndugu wanachuo, mtakapopangiwa shule za Ngara, Biharamulo au kwingineko, kabla ya kutoa alama liulizeni kila sanduku, kila kiti na kila kibuyu swali moja: kinafanya kazi gani, nacho kinaifanya? Kisha mwacheni mtoto akijaribu mbele ya wenziwe, na alama zifuate matokeo ya jaribio hilo.