Mume wa bibi kafika na mafua!

HAKUNA ugonjwa wenye dharau kama mafua. Mwaka mzima unaisubiri likizo, hela umedunduliza, begi umefunga, mikate na sukari ya bibi umenunua. Usiku wa kuamkia safari koo linaanza kukwaruza kama umemeza mchanga. Asubuhi chafya ya kwanza, ya pili, ya tatu... likizo imeingia nyongo kabla haijaanza!

Ndiyo yaliyonikuta mwezi wa Saba nikielekea Lushoto. Karibu na stendi nikajitosa kwenye duka la dawa. Kijana wa pale hakuniuliza lolote zaidi ya "una shilingi ngapi, bro?" Akanichomolea kapsuli za antibiotiki za siku mbili, eti kamasi zitakata kabla sijafika Chalinze. Hapo ndipo tunapoingizwa mjini, washikaji. Mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki inaua bakteria, virusi haina habari navyo. Ukizimeza ovyo ovyo unawafundisha bakteria ubishi, ili siku ukiumwa kweli dawa igome. Nikamrudishia kapsuli zake, nikachukua paracetamol na tishu.

Na hiyo paracetamol nayo si pipi. Vidonge vingi vya mafua vinayo tayari ndani yake, kwa hiyo ukivimeza halafu ukaongeza vya kichwa, umepiga dozi mbili bila kujua. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Soma boksi, ini halina masihara.

Ndani ya basi ikawa vita ya dirisha. Mama mmoja nyuma yangu kanigusa bega: "Mwanangu, funga, upepo utakuzidishia hayo mafua." Wa watu alikuwa ananionea huruma, hajui kwamba hewa ile ilikuwa inamkinga yeye! Nikalifunga nusu, maana kubishana na mama mtu mzima safari nzima si mchezo. Chafya nikawa napigia ndani ya kiwiko. Tangu ile corona ya 2020, ukipiga chafya ndani ya basi abiria wote wanageuka kama umekanyaga kuku.

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kona juu ya kona, unaishia kwenye mita 1,400 hivi. Masikio yakaziba, nikawa naona midomo ya watu inacheza tu. Kuna kijinjia kinachounganisha sikio na nyuma ya pua, na mafua yanakivimbisha. Nyonya pipi, meza mate, piga miayo, utasikia "pwaa!" limefunguka. Wanaopanda ndege wanayajua zaidi maumivu hayo, hasa inapokuwa inashuka.

Basi bwana, shughuli yenyewe ikawa nyumbani. Bibi yangu kavuka miaka 80, kasimama mlangoni mikono kaifungua. "Mume wangu kafika!" Mimi huyo, hatua tatu nyuma, barakoa usoni. "Shikamoo bibi, nina mafua." Marahaba ilitoka, lakini uso ulimshuka. "Umepata mke mwingine huko Dar, sema tu." Ndugu wakacheka, mimi nikaumia. Na humo ndani kulikuwa na kichanga cha binamu yangu, wiki tatu tangu kizaliwe, na kila mtu anataka mjomba nikipakate.

Kijana wa mjini, hapo ndipo penye mtihani. Kwako wewe mafua ni wiki moja ya kupenga, yanakwisha. Kwa mzee na kwa kichanga yanaweza kushuka kifuani, ikawa nimonia. Nikaomba nilale chumba cha uani, chakula nikala barazani, sabuni ikawa rafiki yangu. Shangazi alininunia ile mbaya. "Sisi wote tumekua na mafua humu humu."

Siku ya nne kichanga kikapiga chafya. Nyumba nzima ikanigeukia! Shangazi keshakwenda kuleta asali akilambishe. Nikaruka: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, inaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru. Jirani yetu, nesi mstaafu, akaja, akamhesabia pumzi dakika nzima akimtazama kifua. Angefika 60, au kifua kingekuwa kinabonyea ndani, au angekataa ziwa, ilikuwa ni hospitali moja kwa moja. Hakuwa na kitu. Vichanga hupiga chafya tu, wanasafisha pua zao.

Mimi mwenyewe nilikuwa najivizia. Kwetu hapa homa kali, kutetemeka na viungo kuuma usiviite mafua, kapime malaria siku hiyo hiyo, hata kama uko likizo. Bahati nzuri yangu yalikuwa kamasi tu, na chai ya tangawizi na limau ya bibi. Haiponyi, ila koo linashukuru.

Siku ya tisa pua kavu, kikohozi hakuna. Nikavua barakoa, nikanawa, nikaenda kwa bibi. Kanishika mashavu kwa mikono miwili, akaniangalia weee.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema. "Ungebaki nayo tu."