Unyevu Unakula Haki za Watu

Masika yanapomalizika, kila nyumba ya Unguja na Pemba huwa na kilio chake. Kanzu ya Idi iliyotiwa sandukuni ikiwa nyeupe hutoka na madoa ya rangi ya chai. Viatu vya ngozi huota koga ya kijani. Kitabu cha marehemu babu, kilichowekwa juu ya kabati tangu Ramadhani, hufunguliwa na kurasa zake zimegandana. Wenyewe husikitika kidogo, wakavianika vitu vyao juani, na shauri hilo likafungwa mpaka mwaka wa pili.

Sisi tunaona kwamba shauri hilo limefungwa mapema mno, na ndiyo maana tumeamua kulizungumza leo.

Kwanza ifahamike kuwa kuvu haihitaji maji yanayotiririka wala paa linalovuja. Hewa ikishachukua unyevu wa kiasi cha asilimia 65 au 70 ya kile inachoweza kuchukua, na hewa hiyo ikatulia mahali pamoja, kuvu imekwisha pata riziki yake. Katika visiwa vyetu, ambako upepo wa kusi na wa kaskazi zote mbili hutujia kwa njia ya bahari, hewa hupita kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka, khasa nyakati za usiku. Juu ya hayo kuna chumvi. Hewa ya pwani hubeba chumvi, nayo chumvi huvuta maji. Ndiyo sababu kitasa cha nyumba ya ufukweni huota kutu mapema kuliko cha nyumba ya shamba. Kwa hiyo mtu kuonekana na kuvu nyumbani kwake si aibu. Aibu ni kuitengenezea makao.

Wazee wetu hawakuwa na vipimo, lakini walilijua jambo hili. Nyumba zao za mawe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene zenye uwezo wa kunyonya unyevu na kuutoa tena jua linapowaka. Madirisha yalitazamana ili upepo upite. Makasha yao mengi yalikuwa na miguu, hayakulazwa sakafuni. Leo tunachukua ukuta ule ule wa chokaa tukaupiga lipu ya saruji ili upendeze, na maji yaliyomo ndani ya jiwe yanakosa pa kutokea. Hupanda juu, yakabandua rangi, yakatoa unga mweupe wa chumvi, kisha tukalaumu rangi kuwa ni mbovu. Baada ya hapo tunaliegemeza kabati letu kwenye ukuta huo huo.

Nyumbani dawa yake si ghali. Kabati na sanduku visiguse ukuta wala sakafu. Nafasi ya shubiri moja yatosha hewa kupita. Nguo ihifadhiwe ikiwa imefuliwa na kukauka kabisa, na isitiwe wanga. Wengi hupenda kuiweka kanzu ikiwa tayari imetiwa wanga na kupigwa pasi, nao wasijue kwamba wanga ni chakula, na kuvu na wadudu ndio walaji wa mwanzo. Mfuko wa nailoni nao ni rafiki wa uongo: nguo ikiingia humo na unyevu kidogo, unyevu huo hautoki tena. Karafuu na udi vina harufu nzuri na husaidia kuwakimbiza nondo, lakini havikaushi hewa. Picha zisibanwe moja kwa moja na kioo cha fremu, kwani siku zikipita hushikana nacho, na atakayejaribu kuibandua atabaki na nusu ya uso wa mama yake. Madirisha yafunguliwe adhuhuri ya siku ya jua, yafungwe mvua inapokuja na jioni inapoingia. Wapo wafanyao kinyume chake, wakafungua usiku ili wapate baridi, na baridi hiyo ikaja na unyevu wake.

Lakini kanzu iliyooza hununuliwa nyingine. Kilichotusukuma kushika kalamu ni kile kisichonunuliwa.

Si zamani sana, mmoja wetu katika safu hii alikwenda katika ofisi moja ya umma kutafuta nakala ya karatasi za utumishi za baba yake, zilizohitajika kwa ajili ya mirathi. Alipokewa vizuri. Akapelekwa kwenye chumba cha nyuma, mlango ukasukumwa kwa bega, na harufu ikatoka kabla ya kitu kingine chochote. Majalada yalikuwa yamerundikwa sakafuni, yakiegemea ukuta wenye mstari wa maji kufikia magotini. La baba yake lilikuwa katika safu ya chini. Liliponyanyuliwa lilikuja na majirani zake wawili, yote matatu yameshikana mfano wa mkate uliolowa, na katikati yake mchwa walikuwa wamekwisha pita. Mtumishi yule alisikitika kwa dhati, na hatumlaumu. Alikabidhiwa ufunguo wa chumba, hakukabidhiwa rafu.

Hebu tufikiri ni vitu gani vilivyomo katika vyumba vya namna hiyo. Zimo kumbukumbu za watumishi wanaongojea kiinua mgongo. Zimo hati za ndoa na talaka, ambazo bila ya hizo mjane hawezi kuthibitisha ujane wake. Yamo mambo ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi wengi waligaiwa mashamba ya eka tatu. Wengi wa waliogaiwa wamekwisha fariki, na leo wanaosimama mbele ya kadhi na mahakimu ni watoto na wajukuu. Wajukuu hao hawakuwepo mipaka ilipopimwa. Mashahidi wamezikwa. Shahidi pekee aliyebaki ni karatasi, na karatasi hiyo iko sakafuni.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho yetu, iliporomoka, na dunia nzima ikasikia kishindo chake. Sababu zake si kazi ya safu hii kuzipima. Tunachosema ni kwamba jalada likioza halitoi kishindo. Hakuna anayekuja kulipiga picha, na mwenye haki yake ndani ya jalada hilo hugundua msiba wake peke yake, mbele ya dirisha la ofisi, miaka 20 baadaye.

Tutaambiwa kuwa ipo ofisi ya Nyaraka kule Kilimani. Ni kweli, na tunaishukuru, kwani humo zimo hati za ubalozi wa Uingereza za karne ya 19 na maandiko ya Kiarabu ambayo wataalamu hutoka ng'ambo kuja kuyasoma. Lakini Nyaraka ni mwisho wa safari. Karatasi hufika huko baada ya kukaa miaka mingi katika bohari ya ofisi iliyoiandika, na mgonjwa aliyecheleweshwa hivyo hata daktari bingwa hana la kumfanyia.

Tutaambiwa pia kuwa sasa kila kitu kinaingizwa katika kompyuta. Vizuri, na kazi hiyo iharakishwe. Lakini ukurasa ulioliwa hauna cha kuingizwa. Na mashine zenyewe, na vyuma vyake vidogo, huota kutu katika hewa hii hii.

Kuna jambo jingine ambalo wakuu wengi hawalitambui. Ofisi yenye kiyoyozi huonekana kuwa salama. Ikiwa kiyoyozi huwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tisa na nusu, kuta na makabati ya chuma hupoa mchana kutwa, kisha hewa ya usiku yenye joto na unyevu huingia na kufanya umande juu yake. Chumba cha majalada ama kipewe baridi ya usiku na mchana, ama kiachwe kabisa bila ya baridi hiyo na kipewe pangaboi, madirisha yenye wavu na mtu wa kuyafungua kwa saa zake. Hiyo njia ya pili ni rahisi, na umeme ukikatika haiharibiki.

Tunachokiomba hakihitaji mfadhili. Mbao za rafu, ili karatasi ziinuliwe sakafuni na ziachane na ukuta. Fundi wa kuangalia paa na makopo ya maji kabla ya Machi, si baada ya Mei. Kipima unyevu kimoja kwa kila bohari, na daftari la kuandikia kinachosoma. Mtumishi mmoja aliyefundishwa, mwenye dhamana kwa jina lake. Na karatasi zikilowa zishughulikiwe ndani ya siku mbili, zitandazwe kivulini penye upepo, kwani siku ya tatu kuvu imekwisha anza; zisitupwe juani wala zisichomwe moto kwa kudhaniwa kuwa ni takataka.

Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua likiwa kali, huwapo majuma kadhaa ya kuyafanya haya kabla ya masika kurudi. Tunawaomba wakuu wa ofisi, Unguja na Pemba, wachukue funguo hizo wenyewe, wasimtume mtu, wakaifungue milango ya vyumba vyao vya nyuma. Na wachukue tochi, kwani taa nyingi za huko zimekufa zamani kwa unyevu huo huo.