Neno la Mhariri: Saa, Salamu na Utani

Maandishi mengi yanayoisifu Tanzania hutaja vitu vilevile vikubwa: Mlima Kilimanjaro wenye kimo cha mita 5,895, nyumbu wa Serengeti, kreta ya Ngorongoro, na Mwenge wa Uhuru uliopandishwa kileleni Tanganyika ilipojitawala Desemba 1961. Vitu hivyo vinastahili sifa zote vinazopewa, na mtoto wa shule hakosei anapovikariri. Hata hivyo, raia walio wengi wa nchi hii huzaliwa, huoa au huolewa, huzeeka na kuzikwa bila kukanyaga theluji ya Kibo wala kumwona nyumbu hai, na hakuna anayethubutu kusema kwamba watu hao hawaipendi nchi yao. Basi lipo swali ambalo sifa za vitu vikubwa hazilijibu, nalo ni kwamba mapenzi ya watu hao yamejishikiza kwenye nini.

Toleo hili limekusudiwa kulijibu swali hilo. Waandishi wake walipewa sharti moja tu, kwamba kila mmoja achague jambo la kila siku lisilochapwa kwenye kadi za watalii, kisha alieleze kwa makini yale yale ambayo mwanahistoria huyatumia kueleza vita au mkataba. Hoja inayoliongoza toleo ni kwamba uzalendo, neno lenye mzizi wa kitenzi zaa na linalotaja fungamano la mtu na mahali alipozaliwa, hujengwa zaidi na vitu ambavyo watu wenyewe wamevitunga kuliko vile walivyovikuta. Mlima haukutengenezwa na Mtanzania yeyote na hautaanguka akiusahau, ilhali salamu, hesabu ya siku na taratibu za msibani ni kazi ya vizazi vingi ya akili na ya ulimi, na kazi ya namna hiyo huendelea kuwapo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kuna watu wanaoirudia kila siku.

Mfano ulio karibu zaidi na kila mtu ni saa. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku linapotua, hivyo kwamba saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kutimia tangu kupambazuke, na saa sita mchana ni wakati jua limefika utosini. Hesabu hii haina ukale wowote wa kuonewa haya, kwa kuwa inalingana barabara na nchi ilivyo: Dar es Salaam iko karibu na mstari wa Ikweta kiasi kwamba tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki saa moja. Watu wa kaskazini ya mbali, ambao mchana wao hurefuka sana wakati wa kiangazi na kufupika sana wakati wa baridi, wasingeweza kulitegemea jua kuwapa saa ya kwanza. Mtanzania anaweza, na hulitegemea hata leo, akiitazama simu inayoonyesha saba kamili na kutamka saa moja bila kusita, kana kwamba mkono wa pili wa hesabu umo ndani ya kichwa chake. Ufundi huu wa kusoma tarakimu moja na kutamka nyingine haufundishwi kwa ukali na mtu yeyote, na ni nadra kuona ukisifiwa popote.

Majina ya siku za wiki yana utajiri kama huo. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, siku ya sala ya pamoja ya Waislamu, na kutoka hapo hesabu huenda pili, tatu, nne hadi Jumatano, yaani siku ya tano. Lakini siku inayofuata huitwa Alhamisi, jina la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Wiki ya Kiswahili, kwa hiyo, ina siku mbili za tano zilizokaa bega kwa bega, moja kwa hesabu ya Kibantu na nyingine kwa hesabu iliyokuja kwa njia ya bahari, na hakuna kizazi kilichoona haja ya kuifuta mojawapo. Mkristo huenda kanisani siku ambayo jina lake linahesabiwa kutoka kwenye sala ya Waislamu, naye haoni kwamba amepungukiwa na chochote. Katika jina hilo moja msomaji anaweza kupata elimu ya kuishi pamoja iliyo nzito kuliko ile ya hotuba nyingi.

Shikamoo, salamu ambayo wataalamu wengi huieleza kuwa imetokana na maneno nashika miguu yako, ina historia chungu zaidi, kwani tendo la kushika miguu ni tendo la mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Watu wa nchi hii waliichukua salamu hiyo wakaipa kipimo kipya, kile cha umri, hivyo kwamba waziri aliyelelewa vyema humwamkia mlinzi wa lango lake ikiwa mlinzi huyo anamzidi miaka, na mlinzi hujibu marahaba bila hofu. Ni kweli kwamba katika baadhi ya ofisi mzee humwamkia kijana kwa kuwa kijana huyo ndiye anayetia saini malipo. Tabia hiyo ni ya kukemewa, kwa sababu inairudisha salamu kule ilikotolewa.

Jambo lililowashughulisha waandishi wengi zaidi, na ambalo mhariri analiona kuwa tunu kuu kuliko yote, ni utani. Kwa maana ya kawaida neno hili hutaja mzaha wowote, lakini kwa maana ya kijamii ni uhusiano wenye kanuni unaowapa watu wawili, koo mbili au makabila mawili haki ya kukejeliana na hata kuchukuliana mali, pamoja na wajibu wa kusaidiana wakati wa shida. Upo utani wa ndani ya ukoo, kama ule wa babu anayemwita mjukuu wake mke, au wa mabinamu na mashemeji. Na upo utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo au wa Wahehe na Wangoni.

Chimbuko la utani wa makabila huelezwa kwa njia mbili ambazo hazipingani. Njia ya kwanza ni safari: katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, wakipita katika nchi za watu wengine ambako walihitaji maji, chakula, mahali pa kulala na, kwa wale walioishiwa nguvu njiani, mtu wa kuwazika. Njia ya pili ni vita: Wahehe na Wangoni walipigana vikali kati ya mwisho wa miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880, na watu waliomwagiana damu kiasi hicho walihitaji namna ya kukaa jirani bila kulipizana kisasi milele. Kwa njia zote mbili, utani ulikuwa mkataba usioandikwa, na dhihaka ndiyo iliyokuwa muhuri wake, kwa kuwa anayevumilia kutukanwa na mtani wake huwa amethibitisha kwamba hana tena kinyongo naye.

Msibani ndipo utani unapodhihirika kikamilifu. Watani hufika wakati wafiwa wameishiwa nguvu, nao hushika kazi ambazo mfiwa hawezi kuzifanya, kama vile kuchimba kaburi. Kisha huigiza mwendo na sauti ya marehemu, hudai kwamba alikufa na deni lao, huzuia jeneza lisipite mpaka walipwe, na huchukua sufuria au mkeka ambao wenye nyumba hulazimika kuukomboa kwa fedha kidogo. Mgeni asiyejua huweza kudhani kwamba maiti amevunjiwa heshima. Ukweli ni kinyume chake, kwa maana mjane aliyelia usiku kucha hujikuta akicheka kwa mara ya kwanza, na hakuna mtu mwingine katika mkutano ule mwenye ruhusa ya kumchekesha isipokuwa mtani. Ni vigumu kutaja taasisi nyingine ya nchi hii inayomhudumia mtu aliyevunjika moyo kwa ustadi kama huo.

Inauma kukumbuka kwamba miongoni mwa maandishi ya mapema ya kitaaluma juu ya utani wa Tanganyika ni yale ya miaka ya 1940 ya R. E. Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, na ambaye dunia inamjua zaidi kwa utafiti wake wa ndege. Anastahili shukrani. Lakini mtafiti wa ndege aliona kwamba mzaha wa Mnyamwezi na Mzaramo ni jambo la kuandikwa, wakati wenye utani waliuona kuwa wa kawaida mno. Leo neno hili linasikika zaidi katika magazeti ya michezo, ambayo huziita Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, watani wa jadi. Matumizi hayo ni halali na yanapendeza, mradi vijana waelezwe kwamba mtani kamili ni yule ambaye, baada ya kukejeli, hushika jembe na kwenda makaburini.

Huenda msomaji akapinga kwamba mengi ya mambo haya si ya Tanzania peke yake. Ni kweli, na hakuna hasara. Saa ya Kiswahili husomwa vilevile Mombasa, na khanga, ambayo jina lake lililoandikwa juu ya pindo hubeba ujumbe wa aliyeivaa, inawadai wafanyabiashara wa Mombasa fadhila kubwa. Mtu hupenda mapishi ya nyumbani kwao bila kudai kwamba jirani hana jiko. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kusifu mambo madogo huwasahaulisha watu zahanati zisizo na dawa na shule zisizo na madawati. Jarida hili linalijibu kwa kusema kwamba anayejua thamani ya watu wanaochimbiana makaburi bila malipo ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kudai watu hao wapate dawa.

Kwa toleo lijalo, wasomaji wanaombwa wawaulize wazee wao na kuleta maelezo ya utani wa kwao: makabila au koo zinazotaniana, sababu inayotajwa, maneno yanayosemwa kaburini, vitu vinavyochukuliwa na namna vinavyokombolewa, na mwaka ambao msimulizi aliyashuhudia mambo hayo kwa macho yake mara ya mwisho. Maelezo ya ukurasa mmoja yanatosha, na yaliyoandikwa kwa mkono yatapokewa.