Umbo la Stakabadhi na Ukweli wa Bei

Mnunuzi wa vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hupewa kipande cha karatasi na kukitia mfukoni bila ya kukitazama. Lakini stakabadhi hiyo ina safari ndefu kuliko ya mnunuzi. Tangu mwaka 2010, Tanzania ilipoanza kutumia mashine za kielektroniki za stakabadhi, habari za mauzo hupelekwa kwenye kompyuta za Mamlaka ya Mapato. Utaratibu wa baadaye, unaotumia programu badala ya mashine, huzipeleka katika hati ya XML, lugha iliyoidhinishwa mwaka 1998.

Katika hati hiyo kila habari hufungiwa baina ya alama mbili zinazoitaja: tarehe, namba ya mlipakodi, kiasi cha fedha. Ili kujua kama hati imetimia, kompyuta yaweza kuilinganisha na skima, yaani kanuni iliyoandikwa kabla, inayoeleza sehemu zipi ni za lazima, zifuatane vipi, na kila moja iwe na nini. Namba ya mlipakodi ina tarakimu 9. Zikiwa 8, hati hukataliwa. Bei iliyoandikwa kwa maneno hukataliwa pia.

Wapo wanaodhani kwamba hati iliyokubaliwa ni hati ya kweli. Hilo ni kosa. Kitambaa cha shilingi 100,000 kikiandikwa 10,000, skima haioni lolote, kwani 10,000 nayo ni namba halali. Muhuri wa Wakala wa Vipimo huthibitisha mizani. Hauapi kwamba viazi vilivyopimwa havikuoza.

Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa. Malalamiko hayo hayamalizwi na kompyuta. Yanahitaji mazungumzo na uadilifu. Hata hivyo, skima iliyochapishwa wazi, kwa Kiswahili chepesi, yaweza kuondoa sehemu moja ya ugomvi: mwenye duka atajua kosa liko wapi kabla ya kupeleka hati, wala kosa la kuandika halitadhaniwa kuwa ukwepaji.

Yafaa somo hili lianzie sekondari. Mwalimu alete stakabadhi moja, wanafunzi waandike kanuni zake ubaoni, kisha watunge nyingine iliyo sahihi kwa umbo lakini ya uongo. Atakayeweza hayo ameuona mpaka ambapo kazi ya mashine hukoma na dhamiri ya mtu huanza.