Mawakili Wasiisahau Nyaramba

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Chama cha Mawakili wa Kenya ya mwaka 2014 hakikuandikwa kwa mafumbo. Kinakitaka chama hicho, LSK, kiitetee Katiba, kiisaidie serikali na mahakama katika utoaji wa haki, kihakikishe kwamba kila anayefanya kazi ya uwakili ana elimu na maadili yanayostahili, na kiwalinde na kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria. Hakuna mahali panaposema kwamba wananchi hao ni wale tu wanaoishi karibu na mahakama za Milimani, Nairobi.

Tunalisema hili kwa sababu chama kimekuwa na shughuli nyingi nje ya mipaka. Kimo katika Chama cha Mawakili wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1995 na chenye makao yake Arusha. Kimo pia katika umoja wa mawakili wa Afrika na ule wa dunia nzima. Wanachama wake husafiri, huhutubia, hutia sahihi mikataba ya maelewano. Hatusemi huo ni upuuzi. Januari 2025 wakili Mkenya Martha Karua alinyimwa kwanza kibali cha kumtetea Kizza Besigye mbele ya mahakama za Uganda, mwanasiasa wa upinzani aliyetekwa hapa hapa nchini, jijini Nairobi, Novemba 2024. Mei mwaka huo akazuiwa Dar es Salaam, alikokuwa amekwenda kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, akarudishwa nyumbani. Wakili anayezuiwa mpakani anahitaji wenzake ng'ambo ya mpaka wapaze sauti, na sauti hiyo haipatikani siku ya dharura kama uhusiano haukujengwa mapema. Kwa hilo chama kinastahili pongezi.

Hesabu inakataa tunapofika kwenye kazi na ajira. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na tangu hapo vijana wa sheria wameimbiwa kwamba soko lao ni pana kuliko Kenya. Kwanza tumtazame kijana mwenyewe. Anamaliza shahada, tuseme Chuo Kikuu cha Kisii. Anakwenda Karen, Nairobi, kwenye Shule ya Sheria ya Kenya, ambako karo imekuwa karibu shilingi 190,000 kabla hajalipia chumba wala chakula. Anafanya mitihani ambayo wengi huirudia. Juu ya hayo sheria inamtaka afanye uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi.

Katika ofisi nyingi miezi hiyo sita haina malipo. Mwanagenzi hufika wa kwanza, huondoka wa mwisho. Hubeba mafaili hadi masijala, hupanga foleni, huandaa hati ambazo mteja atalipishwa kama kazi ya wakili mkuu. Anatakiwa avae suti, na nauli anamwomba mjomba. Ofisi hizo hizo huandika barua kali kwa waajiri wanaowanyima vibarua haki yao, na kunukuu Katiba ndani yake. Hii ni aibu, na haiwezi kufunikwa kwa kisingizio kwamba hata wakubwa walipitia huko. Chama kinachozungumzia nafasi za ajira katika kumbi za nje kikiwa hakijaweka kiwango cha chini cha posho kwa mwanagenzi wake kimeanza kazi kwa kuezeka paa.

Sasa tuje Nyaramba, kaskazini mwa kaunti ya Nyamira. Mfikirie mjane ambaye mumewe aliacha kipande cha shamba, vichaka vya majani chai na akaunti ya benki yenye jina la marehemu. Ili afikie chochote katika hivyo anahitaji barua ya chifu inayotaja warithi wote. Anahitaji kujaza P&A 80, ambayo ni ombi lenyewe; P&A 5, hati ya kiapo; P&A 38, idhini ya warithi wengine; na P&A 57 ya wadhamini. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 zipite pingamizi zikisubiriwa. Akishapewa hati ya usimamizi, kwa kawaida hungoja miezi sita zaidi iidhinishwe ndipo shamba ligawanywe. Mrithi mmoja akikataa kutia sahihi ile P&A 38, mambo yote yanapinda kuelekea kesi. Na huku Gusii tunajuana: ardhi ni finyu, ndugu ni wengi, na wa kukataa hakosekani.

Nani humwongoza mama huyu? Mara nyingi ni broka. Ana meza, kompyuta, mashine ya kuchapisha, na fomu zilizojazwa nusu kwa marehemu mwingine. Hutoza anachotaka, hukosea jina, na faili likirudishwa na masijala hutoza tena. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye wakili kuandaa hati za namna hii kwa malipo. Oktoba 2023 LSK kilichukua hatua haraka pale kilipobaini mtu aliyedaiwa kutumia utambulisho wa wakili mwingine Nairobi, na habari hiyo ikazunguka dunia. Habari za broka wa Nyaramba hazizunguki popote, kwa kuwa anayepunjwa ni mjane asiye na akaunti ya mtandao wa kijamii. Hata hivyo hatumlaumu broka peke yake. Amekaa pale kwa sababu kiti kiko wazi.

Chama kitajibu kwamba kina Wiki ya Uhamasishaji wa Sheria kila mwaka, ambapo mawakili hutoa ushauri bure mahakamani. Kweli, kinayo, na ni jambo jema. Lakini wiki moja kati ya 52, tena kwenye viwanja vya mahakama, humfaidi aliyekwisha kupata nauli ya kufika mahakamani. Mwenye shida wa Nyaramba hajafika Nyamira mjini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeruhusu pia wasaidizi wa kisheria waliofunzwa na kuidhinishwa. Chama kiwakumbatie badala ya kuwatazama kama watu wanaomega mkate wake.

Tuna pendekezo lisilohitaji sheria mpya. Kila wakili hutakiwa kukusanya alama tano za mafunzo endelevu kwa mwaka. Nyingi hupatikana katika semina na makongamano, likiwemo lile la chama huko Diani, ambapo bahari iko hatua chache kutoka ukumbini. Wakili atakayeketi siku nzima sokoni Nyaramba na wanagenzi wawili, akajaza fomu za mirathi bila malipo, apewe alama sawa na aliyeketi Diani. Wanagenzi watajifunza mirathi kwa vitendo. Mjane ataondoka na karatasi zilizo sahihi. Mcheza kwao hutuzwa, na tuzo yenyewe iko mikononi mwa chama.

Wala asituambie mtu kwamba eneo hili halina sauti katika taaluma. Okong'o Omogeni, seneta wa Nyamira tangu 2017, aliwahi kuwa mwenyekiti wa LSK. Mahakama za Kisii, Nyamira na Keroka zina mawakili wa kutosha waliozaliwa vijijini humu, waliosomeshwa kwa majani chai na ndizi, na wanaorudi Desemba kwa magari mazuri. Hao ndio wa kwanza kuwajibika, kabla hatujamlaumu mtu wa Nairobi.

Leseni zote za uwakili huisha tarehe 31 Desemba. Kabla ya siku hiyo, tunalitaka baraza la LSK litangaze mambo matatu hadharani: posho ya chini kwa kila mwanagenzi na adhabu kwa ofisi itakayokaidi, ratiba ya mawakili watakaohudumia masoko ya mashambani, Nyaramba likiwemo, na taarifa ya kila mkataba uliotiwa sahihi nje ya nchi, ikionyesha ni vijana wangapi umewapatia kazi. Mkataba ambao haujampatia kazi hata mmoja usihuishwe.