WATURUKI HAWAKUSILIMISHWA NA UPANGA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, kuna maneno yanazunguka mitandaoni, na wanayoyasambaza ni watu wa aina mbili wasiopendana. Wa kwanza ni wapinzani wa dini yetu. Wanasema Waturuki walikuwa na dini yao huko nyikani, Waarabu wakawashukia na panga, wakasilimu kwa hofu. Wa pili ni vijana wetu wenyewe. Wameangalia tamthilia za Kituruki, farasi wanakimbia, vichwa vinaanguka, nao wanajibu kwa fahari: "Ndiyo! Upanga ndio uliowasilimisha, na hata leo dawa ni hiyo!"

Mpinzani na mshabiki wamekutana kwenye uongo mmoja. Tuuvunje kwa tarehe, si kwa kelele.

KWANZA: WALIKUWA NANI HAWA?

Historia ya Waturuki haikuanzia Istanbul, wala haikuanza na Ertuğrul. Inaanza karne ya 6, pande za Mongolia na milima ya Altai. Walikuwa wafua chuma chini ya dola ya Warouran. Kiongozi wao, Bumin, alipoposa binti wa mtawala wa Rouran, alitukanwa kuwa yeye ni mtumwa mfua chuma tu. Mwaka 552 mfua chuma huyo aliivunja dola ya aliyemtukana, akajipa cheo cha khagani. Hapo Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa bado hajazaliwa. Baada ya muda si mrefu dola ya ukoo wake ilienea kutoka mipaka ya China hadi karibu na Bahari Nyeusi.

Walimwomba Tengri, mungu wao wa mbingu. Walikuwa na maandishi yao: mawe ya bonde la Orkhon, Mongolia, yaliyosimamishwa mwaka 732 na 735. Humo Bilge Khagani anawaonya watu wake wasidanganywe na hariri za China na maneno yake matamu. Hao si watu wa kutishwa kirahisi.

PILI: UPANGA ULIPOKWENDA, ULILETA NINI?

Sikatai kwamba vita vilikuwepo. Qutayba bin Muslim, jemadari wa Bani Umayya, aliiteka Bukhara mwaka 709 na Samarqand mwaka 712. Lakini hiyo ilikuwa miji, na wenyeji wake wengi walikuwa Wasughdi, si Waturuki wa nyikani. Nyikani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 724 Waturgeshi, Waturuki waliokuwa chini ya khagani Suluk, walilifukuza jeshi la Bani Umayya mpaka likakaribia kuangamia kwa kukosa maji. Waarabu wenyewe waliiita Siku ya Kiu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalouma. Karibu mwaka 728 gavana wa Khurasan, Ashras bin Abdallah, alituma watu Samarqand kutangaza kwamba atakayesilimu ataondolewa jizya. Watu wakasilimu kwa wingi. Hazina ikapungua. Gavana akafanya nini? Akawarudishia kodi walewale waliokwisha kusilimu! Wakaasi, wakawaita Waturuki waje wawasaidie. Haya ameyaandika Imam Tabari, si mpinzani wa Uislamu. Jiulize: hapo ni nani aliyewafungia watu mlango wa dini? Ni Mturuki, au ni mtawala aliyependa dinari kuliko shahada?

TATU: ALIYELAZIMISHWA ALIFANYA NINI?

Pako mahali ambapo upanga ulifanya hasa kile mnachokisifu. Wakhazari walikuwa dola ya Kituruki kaskazini ya milima ya Kaukasi. Mwaka 737 Marwan bin Muhammad, ambaye baadaye alikuwa khalifa wa mwisho wa Bani Umayya huko Damascus, alimfukuza khagani wao mpaka akasalimu amri, akamtaka asilimu. Akasilimu. Jeshi likageuka kurudi kwao, na Uislamu wa khagani ukaondoka nalo. Baadaye watawala wa Wakhazari walichagua dini ya Kiyahudi. Haya, kijana wangu unayesifu upanga, mavuno yako ndiyo hayo.

NNE: NA VITA VYA TALAS?

Najua mtu ataniletea mwaka 751. Ni kweli, jeshi la Bani Abbas lilishinda jeshi la China pale Talas, na Waturuki Wakarluki waliligeuka jeshi la China katikati ya vita. Lakini waligeuka kwa hesabu za siasa. Hawakusilimu siku ile, wala mwaka ule. Ndugu zao Wauyghuri, walioitawala Mongolia wakati huo, walipochukua dini mpya miaka ya 760, khagani wao alichagua dini ya Mani. Anayesema Waturuki walisilimu Talas ameruka miaka 200.

TANO: WALISILIMU LINI BASI?

Walisilimu kwa wingi karne ya 10, wakati Baghdad ilikuwa dhaifu na khalifa al-Muqtadir hawezi hata kuwatuliza askari wake. Tazama:

1. Mfalme wa Wabulghari wa mto Volga ndiye aliyetuma watu Baghdad kuomba mwalimu wa dini. Ujumbe uliondoka mwaka 921 ukafika 922, na Ibn Fadlan alikuwamo. Dinari 4,000 alizoahidiwa mfalme hazikufika. Alikasirika sana, lakini Uislamu hakuuacha.

2. Satuq Bughra Khan wa Wakarakhani, aliyefariki mwaka 955, alisilimu yeye mwenyewe akiwa mtawala. Mwaka 960 zikaandikwa habari za mahema 200,000 ya Waturuki kuingia katika Uislamu. Ni jeshi la nani lililoyazunguka mahema laki mbili?

3. Seljuq alihamia mji wa Jand karibu mwaka 985 na watu wake, wakasilimu huko. Wajukuu zake ndio walioingia Baghdad mwaka 1055.

Waliowafikishia dini ni wafanyabiashara wa Bukhara na Khwarizm, walimu na masufi, watu waliokwenda nyikani kununua farasi na ngozi, wakapima kwa haki, wakaswali mbele za watu. Na tuseme kweli yote: wako pia vijana wa Kituruki waliotekwa, wakauzwa sokoni na kufanywa askari, wakasilimu utumwani. Hilo si la kujivunia.

Ndugu zangu, kwa nini nasumbuka na mambo ya Mongolia? Kwa sababu tumeshapoteza vijana kwa hadithi hizi. Mtoto anaanza kwa kuweka picha ya mpanda farasi kwenye simu, anaendelea kwa kumtukana jirani yake asiye Muislamu, halafu siku moja anakuja mtu asiyemjua kumwambia kuna msafara wa kwenda kupigana, na mama anabaki kuuliza mwanangu yuko wapi. Huyo anayemwita anamuuzia tamthilia. Suratul Baqara aya ya 256, inayokataza kulazimishana katika dini, mtoto wa madrasa anaihifadhi. Tumfundishe na maana yake, tumwonyeshe Mkhazari na Mbulghari, achague mwenyewe ni njia ipi iliyobaki.

Allah atuongoze sisi na watoto wetu. Wabillahi tawfiq.

Mfikishie na mwenzako.