Kimombo cha Karatasi

Leo nina ugomvi na vyuo vikuu vya nyumbani Tanzania, na sisi tulioko huku Uingereza hatutasalimika pia.

Kila Septemba tunapokea vijana wanaokuja kusoma shahada ya pili. Vyeti vyao safi, insha zao hazina kasoro. Lakini wiki ya kwanza haiishi kabla hujasikia kilio kilekile: "Mzee, alichoandika mhadhiri nakielewa, ila akiongea simpati." Wakiulizwa swali mbele ya wenzao, ulimi unaganda.

Wapo wanaodai vijana wa siku hizi ni wavivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana huyu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kimombo. Akaokoka kwa kunakili ubaoni na kukariri. Chuo kikuu nako mchezo ni uleule: ukumbi umejaa mamia, mhadhiri anasema, wanafunzi wanaandika, mtihani unafanywa kwa kalamu. Mtu anaweza kumaliza miaka mitatu au minne bila kusema kwa Kiingereza dakika kumi mfululizo. Somo la stadi za mawasiliano lipo, lakini mara nyingi nalo hupimwa kwa karatasi! Mimi ni mhandisi wa maji. Pampu haipimwi kwa kuusoma mchoro wake. Huwashwa, maji yakapita, ndipo tukaangalia geji.

Wala tatizo si la jana. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walitoa ripoti juu ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, wakaonyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Miaka zaidi ya arobaini imepita.

Tuanze na sikio, maana ndilo linalosahaulika zaidi. Kiswahili huipa kila silabi haki yake. Kiingereza hukazia silabi moja na kuzimeza nyingine. Kijana anayelijua neno "vegetable" kitabuni hulitarajia lenye silabi nne, kumbe msemaji anatamka "vejtabo" na kuendelea na safari. Hesabu ndiyo hatari zaidi. Kwetu kumi na tano na hamsini havichanganyiki kamwe. Kwa Kiingereza, "fifteen" na "fifty" vinatofautiana kwa mkazo na mwisho mdogo wa neno. Kwenye mradi, bomba la milimita 15 na la milimita 50 si ndugu. Sikio la namna hii halipatikani kwa kanuni za sarufi. Linapatikana kwa kusikiliza mara nyingi, kuandika ulichosikia, kisha kulinganisha na maandishi.

Na mdomo je? Hapa Uingereza, Taasisi ya Wahandisi Ujenzi, iliyoanzishwa mwaka 1818, haimpi mtu hadhi yake kwa ripoti peke yake. Humkalisha mbele ya wakaguzi, akaeleza kazi yake kwa mdomo na kuhojiwa. Tena tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili mnemba zinaandika insha ya Kiingereza safi kwa dakika moja. Chuo kinachopima karatasi tu hakijui tena kinampima nani.

Najua nitaambiwa: walimu wachache, madarasa yamefurika. Basi wagaweni wanafunzi vikundi vya watu kumi. Kila wiki mmoja aeleze jambo la fani yake kwa dakika tano, wenzake wamhoji, arekodiwe kwa simu ajisikilize. Mhadhiri azungukie vikundi kwa zamu. Wasikilizeni Waskoti, Wahindi na Wanigeria, maana ndio watakaofanya nao kazi. Na alama za mdomo zihesabiwe kwenye shahada, la sivyo hakuna atakayejali.

Wengine watanirukia: kwa nini tusifundishe kwa Kiswahili? Naam, mimi ni wa kwanza kuunga mkono. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango huo, lakini sekondari na vyuoni Kiingereza bado kinatawala. Hata siku Kiswahili kitakaposhika hatamu, mhandisi wetu atahitaji kuzungumza na dunia. Mwacheni alijadili tatizo kwa Kiswahili mpaka liive, kisha alieleze kwa Kiingereza. Mwenye la kusema ndiye hujifunza kusema.

Sasa zamu yetu. Nani humcheka kijana akikosea? Si Mwingereza, ni sisi! Tunamwigiza kwenye maharusi na misiba, wakati Mskoti ana lafudhi yake na hakuna anayemwambia aione haya. Baada ya kicheko hicho kijana hanyanyui tena mkono darasani. Mbuyu ulianza kama mchicha, jamani.

Vitabu na kompyuta tumetuma nyumbani miaka mingi, na ni jambo jema. Naomba tuongeze kitu kisicholipiwa hata ushuru bandarini: kila mmoja wetu achukue mwanafunzi mmoja wa chuo, ampigie saa moja kwa wiki, wazungumze Kiingereza kuhusu anachokisoma. Amsikilize mpaka mwisho, na asimcheke.

Nawasilisha.